Chumba Cheupe cha Shangazi Hedwiga

Jumanne, 21 Januari

Ushindi! Shangazi Hedwiga amekubali. Chumba cha uani, kile cha nyavu kuukuu na magunia ya dagaa, sasa ni changu. Kuanzia leo hakitaitwa stoo. Kitaitwa Jumba la Kusomea na Mijadala la Lipingo.

Pankras amesema chumba ambacho mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili hakiwezi kuitwa jumba. Nimemjibu kwamba ukubwa wa taasisi haupimwi kwa mikono. Aliendelea kula.

Niweke mambo wazi kwa ajili ya wale watakaoisoma shajara hii baada yangu, maana sina shaka watakuwapo. Mimi ni Vitalis Urbani Ndunguru, mhitimu wa Shahada ya Falsafa, daraja la pili la juu. Nimeteremka huku Lipingo, ziwani, baada ya Krismasi, kwa kuwa nyumbani Mbinga hakuna wa kujadiliana naye isipokuwa mibuni. Pankras ni mtoto wa Shangazi, mchuuzi wa dagaa, elimu yake kidato cha pili, tena kwa kusuasua. Alikitaka chumba hiki hiki ili aweke televisheni na kuonyesha mpira. Mpira! Taifa linaangamia kwa kukosa fikra, yeye anafikiria kona na penalti.

Hatari iliyopo ni moja tu. Baba anakuja Jumapili ya tarehe mbili Februari. Amesema kwenye simu, tena kwa utulivu ule wake unaotisha kuliko ukali, kwamba asipoikuta kazi yangu ikionekana kwa macho, nitapanda naye gari hadi Ngaka, ambako rafiki yake amenipatia nafasi ya kuandika namba za malori ya makaa ya mawe getini.

Mimi! Namba za malori!

Jumba litakuwa tayari. Litakuwa jeupe. Nimesoma mahali kwamba weupe huchangamsha akili.

Jumatano, 22 Januari

Nimeondoa nyavu. Nimeondoa magunia. Harufu imegoma kuondoka.

Shangazi ameweka masharti. Baba akifika na kukuta watu wakijifunza ndani ya chumba, chumba ni changu moja kwa moja, na yeye mwenyewe atanitetea mbele ya Baba. Akikuta chumba kitupu, Pankras ataleta televisheni yake jioni hiyo hiyo. Nimeyakubali masharti. Mtu mwenye hoja haogopi masharti.

Kisha Shangazi akaongeza la ajabu. Alisema siku hizi za giza la mwezi nikiona moshi ziwani nifunge madirisha. Nilimuuliza, kwa heshima zote, moshi wa ziwani na dirisha la uani vina uhusiano gani wa sababu na matokeo. Akaanza kueleza. Nikamkatiza, tena kwa upole, nikamweleza kwamba moshi hutoka kwenye moto, moto hauwaki majini, na kwamba babu zetu walifunga madirisha kwa hofu tu ya mikosi. Akaniangalia. Akasema, "Haya, mwanangu," akarudi kwenye ungo wake.

Neno hilo "haya" lina ladha ya mtu aliyeshindwa kwa hoja. Nilijisikia vibaya kidogo. Lakini kidogo tu.

Alhamisi, 23 Januari

Siku kubwa! Nimezungumza na Mwalimu Recho wa shule ya msingi. Ana akili, ana sauti nzuri ya kwaya, na ni Mwanglikana, dosari ambayo niko tayari kuivumilia. Ameahidi kuleta wanafunzi wake wa darasa la sita Jumapili ile, wakitoka kanisani, kwa mjadala wa ufunguzi. Baba atakuta chumba kimejaa hadi mlangoni!

Mada nimeitunga papo hapo: Mlima una manufaa kuliko ziwa. Recho aliuliza nani atautetea mlima. Nikamwambia ni mimi. Akauliza nani atakuwa mwamuzi. Nikamwambia ni mimi pia, kwa kuwa nimesomea kufikiri.

"Basi ziwa lipige magoti mapema," alisema Recho.

Sikujua kama ni sifa au kejeli. Nimeamua ni sifa.

Ijumaa, 24 Januari

Chokaa! Nimepaka kuta zote nne. Ni kazi ya heshima kuliko watu wanavyodhani. Fundi mpaka rangi wa hapa kijijini alitaka kunifanyia, nikamkatalia, kwa kuwa falsafa isiyochafua mikono ni nusu falsafa.

Siri yangu ni chumvi. Nimesoma mahali kwamba chumvi huishikisha chokaa ukutani isimpakae mtu anayeegemea. Andiko halikutaja kipimo, kwa hiyo nilitumia busara. Nusu ndoo. Shangazi anayo tele, ya kutilia samaki.

Mlango nimeung'oa ili niupake kwa utulivu hapo kesho. Chumba kinang'aa kama hostia ya Misa. Pankras alipita, akachungulia, akauliza kama kuna mtu amekufa. Wivu!

Jumamosi, 25 Januari

Mbuzi.

Sitaki kuandika zaidi, lakini historia inadai ukweli. Nilikwenda kanisani kumwomba mkatekista viti. Niliporudi nilikuta mbuzi wote wa Shangazi wamo ndani ya Jumba, wamejipanga kando ya kuta kwa nidhamu ambayo sijawahi kuiona katika ukumbi wowote wa mihadhara, wanalamba. Hawakugeuka. Hata nilipopiga kelele hawakugeuka. Walikuwa wameinuka kwa miguu ya nyuma kufuata chumvi.

Kuta sasa ni nyeupe juu na za udongo chini, kama mtu aliyevaa shati akasahau suruali.

Pankras alicheka hadi akakaa chini. Alisema walau nimepata wasomaji wa kwanza, na wamekipenda walichokisoma. Shangazi yeye hakucheka. Aliuliza chumvi yake iko wapi. Nikamwonyesha mbuzi.

Jambo moja nimelithibitisha kisayansi: chokaa haifai. Kinachotakiwa ni rangi ya mafuta, ambayo mbuzi hailambi. Tatizo limegeuka kuwa hatua ya mbele!

Jumapili, 26 Januari

Rangi ya mafuta nimeipata. Naandika haya kwa hisia mchanganyiko.

Pankras ana kopo la rangi nyeupe lililobaki alipopaka boti lake, lile linaloitwa Mtasema Mchana. Nilikwenda kuliomba kwa hoja tatu: kwanza udugu, pili maendeleo ya jamii, tatu kwamba rangi inayokaa bila kazi ni dhambi dhidi ya akili. Alinisikiliza hadi mwisho bila kupepesa. Kisha akasema neno moja tu.

"Suti."

Suti yangu ya mahafali! Ya buluu iliyokolea, ambayo Mama aliipiga pasi kwa mikono yake usiku wa kuamkia siku ile! Nilimweleza tofauti kati ya thamani ya kitu na thamani ya kumbukumbu. Nilimweleza kwamba mchuuzi wa dagaa hana mahali pa kuvaa suti. Akasema atapata mahali.

Nikasema siwezi. Akafunika kopo. Nikafikiria malori.

Suti imekwenda. Imemkaa vizuri, kwa bahati mbaya. Alijizungusha uani, na Shangazi, dada wa baba yangu mzazi, akampigia vigelegele.

Jumatano, 29 Januari

Chokaa iliyobaki nimeikwangua kwa siku mbili, na leo nimepaka! Nyeupe! Nzito! Inang'aa!

Palitokea kikwazo kidogo. Kopo lilikaribia kuisha nikiwa ukuta wa pili. Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi nilikaa juu ya ndoo nikafikiri kwa utaratibu: rangi hii ni ya mafuta, alizeti ya Shangazi nayo ni mafuta, kwa hiyo kilicho cha jinsi moja huongezeka kwa kilicho cha jinsi moja. Nikachanganya dumu zima. Rangi ikaongezeka kama mikate ile ya Injili. Nimepaka kuta zote mara tatu, na iliyobaki nikaimalizia darini.

Jioni Shangazi aliuliza kwa nini samaki wa leo amechemshwa tu. Nikasema samaki wa kuchemsha ana afya zaidi. Si uongo.

Alhamisi, 30 Januari

Haijakauka.

Ijumaa, 31 Januari

Haijakauka. Nimegusa kwa kidole, kidole kimeng'aa. Nimegusa kwa kiwiko, kiwiko kimeng'aa. Sisimizi mmoja amepanda ukutani asubuhi na hadi sasa bado yuko pale pale, anatafakari.

Recho alikuja kuangalia. Alisimama katikati ya chumba, mikono ameibana kifuani, akauliza kwa nini kuta zinanukia maandazi. Kisha akauliza wanafunzi wake watakaa wapi bila kugusa. Nikamjibu kwamba nidhamu ya mwili ni mwanzo wa nidhamu ya fikra. Akasema ana mtoto mmoja, jina lake Joakim, ambaye hata akisimama jangwani atapata ukuta wa kuegemea.

Dawa ni hewa. Nimesoma mahali kwamba hewa inayopita hukausha rangi. Nimefungua madirisha yote mawili, na mlango sitaurudishia hadi kesho kutwa asubuhi. Shangazi alipopita aliyaangalia madirisha, akaliangalia ziwa, akafungua mdomo. Nikamwambia, Shangazi, hewa. Akaufunga.

Viti vimefika. Kibao nimekiandika kwa herufi kubwa. Vitabu vyangu viko salama kwenye sanduku chini ya kitanda. Bado siku moja kamili. Moyo unanienda mbio kama mgombea anayesubiri matokeo!

Jumamosi, 1 Februari, asubuhi

MELI INAUNGUA ZIWANI!

Nimeiona kwa macho yangu. Nguzo ya moshi, nyeusi, ndefu, inapinda kwa juu, mbali upande wa Msumbiji. Naandika kwa haraka. Nakwenda kuamsha kijiji! Hatimaye tukio linalostahili kalamu yangu!

Jumamosi, 1 Februari, jioni

Haikuwa meli.

Nitajaribu kusimulia kwa mpangilio, ingawa mdudu mmoja bado yumo katika sikio langu la kushoto.

Nilikimbia hadi pwani nikiwa na singlendi, nikipiga kelele kwamba watu wanateketea. Kwa furaha yangu kijiji kizima kilitoka. Wanawake walitoka mbio na vikapu, masufuria, hata ungo! Nilitokwa na machozi. Nikasimama juu ya mtumbwi, nikawahutubia. Niliwasifu kwa moyo wa kuokoa wenzao. Niliwashauri, hata hivyo, kwamba ungo hauwezi kuteka maji ya kuzimia moto. Bibi Katarina, jirani yetu, mzee ambaye meno yamekwisha lakini ulimi haujapungua, aliniuliza ninazima moto gani. Nikamwonyesha moshi.

"Huyu mtoto wa Wamatengo wa mlimani," aliwaambia wenzake, "anataka kuzima mboga."

Wakaanguka kicheko. Recho, aliyekuja na chandarua begani, akanishika mkono akanishusha mtumbwini kama mtu anayemshusha mtoto mezani. Akanieleza kwamba ule si moshi, ni kungu, wadudu wadogo wanaotoka ndani ya ziwa kwa mamilioni, wakipanda juu kama wingu, na upepo ukiwaleta nchi kavu watu huwakusanya, huwakanda, huwakausha vikate, huwala kwa ugali. Akaniuliza kwa mshangao kama hakuna aliyenieleza.

Nikakumbuka kwamba kuna aliyeanza kunieleza.

Kisha moshi ukatufikia. Sina maneno, na mimi huwa ninayo. Jua liligeuka la kahawia. Kila nilipofungua mdomo kubainisha jambo, kungu waliingia. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kunyamaza kwa hiari. Wanawake walikuwa wakizungusha vikapu hewani na kuimba. Na hapo katikati, nikiwa nimefumba macho, nikaona akilini madirisha yangu mawili, yako wazi.

Nilikimbia. Nilifika. Niliingia.

Ukuta ulikuwa unapumua.

Kuta zote nne! Na dari! Hapakuwa na weupe hata wa kuweka nukta. Kungu walikuwa wamenasa mabega kwa mabega, tabaka juu ya tabaka, wakipiga mabawa, na chumba kizima kilikuwa kikitetemeka kwa rangi ya kijivu kama ngozi ya mnyama aliye hai. Yule sisimizi sikumwona tena.

Niliyafunga madirisha, nikiwa nimechelewa. Wingu lilizidi. Bibi Katarina na kundi lake wakakimbilia humo humo kujificha, wakaegemeza mlango nyuma yao, wakakaa juu ya viti vya mkatekista. Macho yao yalipozoea giza wakaziona kuta. Bibi Katarina akalia kilio cha msiba. Mboga yote hii! Mboga ya kijiji kizima, mtu ameichanganya na rangi ya boti! Mmoja akachomoa kijiko aone kama kitu kinaokoleka.

Hapo nilifanya jambo ambalo naamini litatajwa. Nilipanda juu ya kreti, nikanyoosha mkono, nikawakataza. Niliwaeleza rangi ni nini, sumu yake inatoka wapi, inaingiaje mwilini na inaharibu nini. Nilizungumza kwa ufasaha ambao sijawahi kuufikia. Walinisikiliza wote, midomo wazi. Chumba kilikuwa kimejaa. Watu walikuwa wanajifunza.

Na mlango ukasogezwa, na pale mlangoni akasimama Baba.

Siku moja kabla! Amepata lifti ya mtu anayeleta mahindi Mbamba Bay, na Baba lifti haikatai. Alikuwa na kofia yake ya Misa mkononi, kungu wamemjaa nyusi. Alitazama viti vimejaa. Alinitazama juu ya kreti, mkono hewani. Niliona uso wake unalegea. Naapa, niliona fahari. Nikateremka, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nilipofaulu mtihani wa darasa la saba. Shangazi alitokea nyuma yake, akaniangalia, akaziangalia kuta, na kwa wema wake akamwambia kwamba, kaka, unaona mwenyewe, mtoto anafundisha.

Baba akamgeukia Bibi Katarina, akamwamkia, akamwuliza kwa adabu leo wamefundishwa nini.

"Tumefundishwa tusile ukuta," alijibu Bibi Katarina.

Baba alidhani hakusikia vizuri. Akauliza tena. Akajibiwa vile vile, na wengine wakathibitisha. Mmoja akaongeza kwamba darini pia wamekatazwa.

Baba akaweka mkono ukutani ili ajishikize. Sitaeleza mkono ulivyotoka.

Na wakati huo huo akaingia Pankras, ndani ya suti yangu, kichwa kimechanwa, akapiga goti moja kidogo na kusema shikamoo mjomba, poleni na safari. Baba, macho yamejaa wadudu, akamshika bega kwa mkono wake safi, akasema Vitalis, mwanangu, umenenepa, na adabu imekuja, sasa yule mwehu aliyekuwa juu ya kreti ni nani. Sijui kama ni wadudu au ni makusudi.

Jumapili, 2 Februari

Recho alitimiza ahadi. Wanafunzi wamekuja, wamekaa uani, kwa sababu ndani hakukaliki. Joakim aliegemea pale pale mlangoni na amerudi kwao akiwa nusu kijivu.

Mjadala umefanyika. Niliutetea mlima kama simba. Nilitaja kahawa, mahindi, hewa safi, na mashimo yetu ya ngolo mashambani, jinsi mababu wa Kimatengo walivyoushinda mteremko kwa jembe na akili, hata mvua ikawa haina udongo wa kuuiba. Niliona mtoto mmoja anatikisa kichwa kukubali. Kisha Bibi Katarina, ambaye hakualikwa, akaomba nafasi kwa upande wa ziwa. Hakusema neno. Alipitisha sahani ya vikate vya kungu vilivyokaangwa, wale aliowakusanya nje, wasio na rangi.

Kura zikapigwa. Baba yangu, Urbani Ndunguru, mtu wa mlimani, mkulima wa kahawa, aliunyoosha mkono kwa ziwa mdomo ukiwa umejaa.

Mimi kama mwamuzi nimeufuta uchaguzi kwa kasoro ya ushawishi wa chakula. Hakuna aliyenisikiliza.

Baada ya chakula Baba aliniita pembeni. Hakufoka. Ingekuwa afadhali afoke. Alisema ameiona kazi yangu, inaonekana kwa macho kweli, tena haitoki mkononi hata kwa mafuta ya taa. Alisema kesho alfajiri. Nikamwambia kwamba majaribio yote makubwa ya binadamu yalianza kwa kushindwa. Akasema vizuri, nitamalizia kushinda Ngaka.

Shangazi alinifungia samaki wa kukaanga kwa safari. Ina maana amepata mafuta mengine. Nilipomwomba radhi kwa habari ya moshi alisema "Haya, mwanangu," kwa sauti ile ile ya siku ile, na sasa sina hakika kama siku ile alishindwa.

Recho ameomba sanduku la vitabu vyangu likae shuleni, kwenye kabati la walimu, watoto waazime. Nilisita. Nikamwambia yapo maandishi mazito humo. Akasema watoto wa huku wanabeba nyavu zenye maji. Nimempa. Alipolibeba hakuyumba hata kidogo.

Pankras ameleta televisheni. Ameipachika mbele ya ukuta wa kungu, na hapa lazima niwe mkweli: picha inaonekana ajabu! Ukuta ule wa kijivu haurudishi mwanga hata chembe. Watu walijaa hadi uani. Wanasema hakuna kibanda kuanzia Liuli hadi Chiwanda kinachoonyesha vizuri kama kile. Nilijaribu kuwaeleza kwamba ukuta ni ubunifu wangu. Wakaniambia nikae chini, naziba goli.

Jumatatu, 17 Februari. Ngaka

Mambo ni mazuri mno!

Nilikosea kuidharau nafasi hii. Ninacho kibanda changu mwenyewe getini, chenye meza, kiti, na madirisha mawili yanayotazama barabara ya malori. Ofisi! Madereva wananiita Mheshimiwa. Namba za malori huandikwa haraka, na kati ya lori na lori mtu anaweza kufikiri. Tayari nimeshaanza kuwashawishi walinzi tuwe na mjadala kila Ijumaa. Kilian, mlinzi wa zamu ya mchana, amesema atakuja kama kuna chai.

Dosari ni moja. Kibanda ni cheusi. Kuta nyeusi, dari nyeusi, meza nyeusi, hata bundi angepotea humu. Mtu gani anaweza kufikiri ndani ya giza hili? Nimesoma mahali kwamba weupe huchangamsha akili.

Leo nimepaka! Nyeupe, ya mafuta, halali, ya kopo, bila alizeti. Nimejifunza! Hapa hakuna mbuzi. Hapa hakuna ziwa. Nimeyafikiria yote.

Kilian alichungulia, akapiga mluzi, akasema hapa wanaijua rangi moja tu, na kwamba nifunge madirisha kabla msafara wa malori ya makaa wa saa nane haujatoka machimboni. Akaanza kueleza. Nikamkatiza, kwa upole. Nikamwambia rangi mbichi inataka hewa, hilo ni jambo la msingi, na nimeyafungua yote mawili hadi mwisho. Akasema "Haya, Mheshimiwa," akaenda zake.

Kuta zinang'aa. Moyo unaruka. Baba akija mwisho wa mwezi hataamini macho yake!

Kwa mbali, upande wa machimboni, naona wingu jeusi linakuja kasi. Nadhani ni mvua. Vizuri sana. Italaza vumbi.